Gari la Mama Mkwe Linakula Oili

Asubuhi ya Jumatatu, kabla Fundi Kimya hajafungua sanduku lake la spana, mama mkwe wake aliingia gereji na gari linalotoa moshi wa buluu. Haukuwa moshi mwingi. Ulikuwa mwembamba, kama wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha, na mtu mwingine angeweza kuupuuza. Lakini Fundi Kimya alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi hiyo. Alijua kwamba moshi mweupe ni maji, mweusi ni petroli iliyozidi, na wa buluu ni oili inayoungua mahali isipotakiwa kufika. Na injini ya gari lile alikuwa ameishusha, ameifumua na kuijenga upya yeye mwenyewe, wiki sita tu zilizopita.

Mama mkwe alizima gari, akachukua mkoba wake, akashuka kwa zamu: kwanza mguu mzima, kisha ule wa nyonga mbovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gari linakunywa."

"Linakunywa nini, mama?"

"Oili. Wiki iliyopita nimeongeza lita nzima, na jana kijiti cha kupimia kimetoka kikavu tena. Mtoto mchanga angenyonya hivi, ningekuwa nimeshamwandikia rufaa."

Jirani wa Fundi Kimya pale gereji, mpiga rangi mmoja asiyeweza kuona jambo akanyamaza, alitoa kichwa nyuma ya mlango aliokuwa akiusugua. "Kimya, siku hizi mnapulizia mbu dawa?"

"Huyu ni mama mkwe," Fundi Kimya alisema kwa sauti ya chini.

Mpiga rangi alivua kofia. "Shikamoo, mama," akasema, kisha akarudi nyuma ya mlango wake na hakuonekana tena mpaka saa nne.

Watu wa mtaa ule walimwita yule mama Mkunga, na nusu ya waliomwita hivyo walikuwa wamepita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao. Alistaafu miaka tisa iliyopita. Hata hivyo kila Jumanne na Alhamisi alikwenda zahanati kupima watoto uzito, bila kuitwa na mtu wala kulipwa. Kutoka nyumbani kwake hadi huko ni kilomita nne za kupanda na kushuka, barabara ambayo magari ya abiria hayapiti. Kwa nyonga ile, bila gari alikuwa mtu wa kukaa barazani na kuhesabu wapita njia.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote. Mwaka uliotangulia Mkunga alianguka bafuni akalala sakafuni nusu siku. Mwanawe wa kiume, mpima ardhi katika mji wa mbali, safari ya saa nane, alikuja mbio, akaitisha kikao cha familia na kusema chumba cha mama kiko tayari nyumbani kwake. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa neno lake mbele ya wote: "Gari likitembea, nabaki kwangu. Likinishinda, nakuja kwako na sitafungua mdomo." Hakuwa mtu wa kulamba matapishi yake. Miezi mitatu baadaye injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga chuma kwa nyundo, na macho ya familia nzima yakamgeukia Fundi Kimya. Naye akasema, "Niachieni mimi." Mpima ardhi alikuwa anakuja Jumamosi kulitazama gari kwa macho yake. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jina la Kimya alilipata kwa sababu ya tabia yake ya kuzima redio za gereji zima kila alipotaka kuisikiliza injini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kucha zisizotakata hata siku ya harusi yake. Hata mke alimpata kupitia gari hilohilo: marehemu baba mkwe, karani wa shule, alimwita nyumbani kurekebisha breki, na binti wa nyumba akamletea maji ya kunawa. Breki zile zilimchukua siku nne. Baba mkwe alikuwa mtu wa mzaha na walielewana haraka. Kwa mama mkwe mambo yalikuwa tofauti. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa Fundi Kimya hakuwahi kukaa kiti kinachotazamana na chake, hakuwahi kumkatiza, hakuwahi kumwambia fanya hivi au acha vile. Aliweza kumwambia mkuu wa polisi usoni kwamba dereva wake ni mpumbavu. Lakini Mkunga akitokea, kilichotoka kinywani mwake kilikuwa "ndiyo, mama".

Alianza na yaliyo mepesi, kama kila fundi mwenye akili. Alitandaza boksi jeupe chini ya injini, akaiacha iungurume robo saa. Halikudondoka tone, kwa hiyo oili haikuwa ikivuja. Alichomoa kijiti: haikuwa imezidi kipimo. Alifungua bomba la kupumulia la injini, akalipuliza kwa mdomo, akalisafisha kwa petroli. Lilikuwa zima. Kisha akafungua plagi nne, akazipanga juu ya kitambaa. Zote nne zilikuwa nyeusi na zimelowa.

Ingekuwa moja tu, angesema ringi moja imekatika, bahati mbaya. Zote nne kwa usawa maana yake ni kosa lililofanywa mara nne, na mkono uliofunga pistoni zote nne ulikuwa wake.

"Mama," aliuliza, macho yakiwa kwenye plagi, "moshi huwa unatoka wakati gani? Ukiwasha asubuhi, au ukiwa unapanda mlima, au ukiachia mafuta?"

"Mimi naangalia mbele, baba. Ya nyuma waulize wanaonifuata."

"Ndiyo, mama."

Jumanne alihamia kwenye sili za valvu, vile vikofia vidogo vya mpira vinavyozuia oili isichuruzike kutoka juu. Alikuwa ameweka mpya, lakini mpya nazo huwa mbovu. Hakutaka kufungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, basi alitumia mbinu ya zamani: alijaza kamba ya nailoni ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaibana kamba juu na kuzishikilia valvu zisidondokee ndani, akabadilisha sili moja baada ya nyingine. Kazi ya kutwa. Jioni aliwasha. Moshi ukatoka vilevile, wa buluu, wala haukuonyesha kujali.

"Labda limerogwa," alisema mpiga rangi.

"Labda ufunge mdomo."

Jumatano alipima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Sindano ya kipimo ilipanda kivivu. Akatia kijiko cha oili katika kila tundu, akapima tena, na sindano ikaruka juu. Kwa fundi hilo ni jibu tosha: oili ile ilikuwa imeziba nafasi ambayo ringi zilitakiwa kuiziba. Ringi ni vipete vya chuma vinavyoizunguka pistoni. Vikikaa vizuri, moto hubaki juu na oili hubaki chini. Vya gari hili havikukaa. Kwa nini?

Alikaa juu ya tairi na kuanza kujihukumu. Ringi ya pili huwa na herufi ndogo kama mguu wa sisimizi, na herufi ile lazima itazame juu. Ukiipindua, inapakua oili badala ya kuirudisha. Je, alizipindua? Zote nne? Alijaribu kuiona siku ile tena: meza, taa, pistoni zimepangwa kama vikombe. Aliona kila kitu isipokuwa herufi.

"Siku niliyofunga pistoni za gari la mama nilikuwaje?" alimuuliza mkewe wakati wa chakula cha mchana.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa anakata karatasi za rangi mezani. "Ulikuwa unaimba kwa pua. Injini ikikuendea vizuri huwa unaimba kwa pua."

"Wimbo gani?"

"Wimbo unahusiana nini na ringi?" Aliweka mkasi chini. "Kaka amepiga simu. Anasema ameshapaka rangi chumba cha mama. Ameuliza mama anapenda mapazia ya rangi gani."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mapazia ya mama yapo madirishani kwake, anayapenda hayo."

Alhamisi alfajiri alikwenda kwa mzee wa karakana ya kuchonga vyuma, aliyezipanua silinda za injini ile. Mzee huyo alikuwa amekaa na mashine maisha yake yote, masikio yakamfia, na alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Kipimo changu usikiguse!" alisema kabla hajaulizwa. "Na ile misalaba niliyokwaruza kwenye kuta za silinda, hata kuifunika niliona huruma."

"Kipimo ni sawa, mzee. Ringi hazijakaa."

"Ulizipindua?"

"Sijui. Sidhani."

Mzee alimtazama, akateremsha sauti, jambo alilolifanya mara chache. "Sikiliza. Ile misalaba ni kama tupa. Ringi mpya inakwenda pale kunolewa, nayo ina siku chache tu za kunolewa. Kinachoisukuma ringi ukutani ni moto. Ukikanyaga mafuta, moto unakuwa mkali, ringi inabanwa, inakaa. Ukiendesha kinyonge, ringi inateleza tu juu ya oili, na oili inaungua pale ukutani, ukuta unakuwa laini kama sahani. Ukishakuwa sahani, basi. Nani analiendesha?"

"Mama mkwe."

"Anaendeshaje?"

"Sijui."

"Hujui mteja wako anavyoendesha?"

"Ni mama mkwe, mzee. Ningemuulizaje?"

"Panda naye."

"Kiti cha mbele?"

"Sasa wewe ulitaka kupanda kwenye buti?"

Ilikuwa siku ya zahanati. Fundi Kimya alimpelekea Mkunga gari nyumbani, akamwambia angependa kusindikizana naye, "nisikilize kidogo sauti." Mkunga akasema karibu. Fundi Kimya akafungua mlango wa nyuma, akaingia, magoti yakagusa kidevu. Mkunga alimtazama kwenye kioo, akaondoa gari.

Gia ya kwanza, sawa. Ya pili, mapema mno. Ya tatu, na gari bado halijafika kwenye kona ya duka. Walipofika barabara kuu ya mtaa alikuwa kwenye gia ya nne, na mshale wa kasi umesimama kwenye thelathini na tano kama uliogandishwa. Injini ilikuwa inakoroma chini chini, ikilazimishwa kuvuta mzigo bila pumzi. Nyuma yao lori la mchanga lilipiga honi. Muuza mikate aliwapita kwa baiskeli, na wakati akiwapita alipata nafasi ya kuamkia, kuuliza hali ya nyonga, kusikiliza jibu na kushukuru Mungu kwa niaba yake.

"Mama," alisema Fundi Kimya kutoka nyuma, "huwa unakwenda hivi?"

"Hivihivi. Sijavuka arobaini hata siku moja. Hata mlimani silikamui. Nimefuata ulivyosema kama mgonjwa anavyofuata dawa."

Hapo Fundi Kimya aliikumbuka siku nyingine kabisa, wala si ile ya pistoni. Ilikuwa siku ya kukabidhi gari. Kila mteja wa injini mpya alimpa maneno yaleyale, bila kumung'unya: leo hii toka hapa uende kwenye ule mlima, kanyaga mpaka gari lilie, achia, kanyaga tena, achia, mara kumi, ndipo uende kwako. Alishamwambia hivyo padri. Alishamwambia hivyo bibi harusi. Lakini siku ile Mkunga alisimama mbele yake na mkoba mkononi, akauliza, "Nifanyeje nalo, baba?" na kumwambia mama mkwe akanyage gari mpaka lilie lilikuwa jambo ambalo ulimi wake ulilikataa. Isitoshe, aliogopa. Je, akianguka nalo kwenye kona? Akasema, "Uende nalo taratibu tu, mama." Akadhani mwenyewe angelichukua siku moja akalipandishe mlima kidogo. Hakulichukua, kwa sababu kumwomba mama mkwe funguo za gari lake nalo lilikuwa jambo.

Herufi zilikuwa zinatazama juu, zote nne. Sasa alikuwa na hakika, na hakika hiyo haikumpa raha hata kidogo.

Zahanati walifika saa tatu. Kina mama walishajaa kwenye benchi na watoto wao mapajani. Mkunga alizima gari lakini hakushuka.

"Umesikia nini?" aliuliza, akimtazama kwenye kioo.

Fundi Kimya alimweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akianza na sahani na kurudi kwenye misalaba, lakini Mkunga alikuwa amezoea kusikiliza watu wasiojua kueleza panapouma.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliua."

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekuambia taratibu."

"Wateja wengine huwa unawaambiaje?"

"Wakanyage."

"Na mimi?"

"Nilishindwa."

Mkunga alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika usukani, na mama mmoja kwenye benchi akageuka kutazama. Kisha kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza.

"Nimezalisha miaka thelathini na minane," alisema. "Mwanamke akifika wakati wake nilikuwa namwambia sukuma. Awe mke wa mkubwa, awe shangazi yangu, sukuma. Wengine walinitukana. Na wewe, mtu mzima, ukashindwa kuniambia kanyaga." Alivuta pumzi. "Sasa dawa yake nini?"

"Kuna ya kubahatisha, na kuna ya kweli."

Ya kubahatisha waliijaribu Ijumaa. Fundi Kimya alishika usukani, Mkunga akakaa kiti cha mbele kando yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na wakaenda kwenye mlima ulioko nje ya mji. Alikanyaga. Injini ilinguruma, mshale ukapanda, moshi ukatanda nyuma kama pazia. Akaachia. Akakanyaga tena. Kwenye kona ya tatu mguu wake ulilegea wenyewe, kwa mazoea ya heshima.

"Kanyaga," alisema Mkunga, akiwa ameshikilia mpini wa mlango.

"Ndiyo, mama."

Walipanda na kushuka mara kumi na moja. Mara ya sita moshi ulipungua, na wote wawili waliuona kwenye vioo, na hakuna aliyethubutu kuutaja. Mara ya nane ulikuwa umebaki uzi tu. Mara ya kumi ulirudi. Mara ya kumi na moja ulikuwa uleule wa Jumatatu. Fundi Kimya aliegesha kileleni, akazima, wakabaki wanasikiliza bati la moto likilia tik, tik, tik.

"Na ya kweli?" Mkunga aliuliza.

"Kuishusha injini. Kufungua yote. Kukwaruza silinda upya, kuweka ringi nyingine. Ringi zinaagizwa, zinafika Jumatano. Siku kumi na mbili, mama, nikijitahidi."

"Kesho mwanangu anafika."

"Najua, mama."

"Hakuna namna?"

Alikuwa ameshafufua magari yaliyotolewa mtoni, na watu walimjia kutoka miji mingine. Alitazama mikono yake juu ya usukani, ikaonekana kama mikono ya mtu mwingine, mikubwa na isiyo na kazi. "Hakuna," akasema.

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. "Nakuomba kitu kimoja. Akikuuliza, usimwambie naendesha thelathini na tano. Akisikia hivyo, atasema nimezeeka, na hata ukilitengeneza likawa jipya sitalishika tena. Mwambie lolote lingine."

Mpima ardhi aliwasili Jumamosi saa sita, na zawadi kwa kila mtu. Hakuwa mtu mbaya. Fundi Kimya angefarijika kama angekuwa mbaya. Alimkumbatia mama yake muda mrefu, akaenda bafuni kutazama kigae alichoangukia, akatoka na macho mekundu. Ndipo akaliwasha gari uani. Alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya kiwanja chenye ugomvi.

"Shemeji, nieleze. Usinifiche."

Fundi Kimya alisimama kati ya maneno mawili. Akisema ukweli, injini ingesafishwa jina lakini mama asingeendesha tena. Akijitwika yeye lawama, nani angeamini kazi yake ya pili wakati ya kwanza ilikuwa inafuka pale mbele ya watu? Mkunga alikuwa barazani, anakunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Ni kosa langu," alisema. "Ringi hazikukaa. Nipe siku kumi na mbili."

"Sikulaumu, shemeji. Kila fundi hukosea." Aliyasema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko tusi. "Lakini fikiria yeye yuko kule kwenye mteremko peke yake, gari likamzimikia, na nyonga ile. Wewe ndiye fundi bora tunayemjua, na ni mkwe wake, umelitengeneza kwa mapenzi yote, na bado limekataa. Sasa tumtegemee nani?"

Jibu Fundi Kimya alikuwa nalo, zima, la dakika moja, na hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni. Yeye naye alikuwa analijua, na yeye naye alinyamaza.

"Ruhusa yangu ya kazini inaisha Jumatatu," alisema mpima ardhi.

"Nimesikia," alisema Mkunga kutoka barazani. "Nilitoa neno, na neno ni lile. Nitakwenda. Siku hizo kumi na mbili nitazimalizia kwako."

"Siku kumi na mbili, mama," mwanawe akakubali haraka.

Kila mtu pale uani alikubali kwamba ni siku kumi na mbili, na kila mtu alimwona Mkunga akifungasha cherehani. Jumapili asubuhi alipanda gari la mwanawe. Fundi Kimya alisimama dirishani, upande wa Mkunga.

"Injini yangu uifunge vizuri," Mkunga akasema.

"Ndiyo, mama."

Aliishusha siku hiyohiyo. Kuta za silinda zilikuwa laini, zinateleza kidoleni, na misalaba ya mzee wa karakana ilikuwa imetoweka kana kwamba haikuwahi kukwaruzwa. Herufi zote nne zilitazama juu. Alizitazama kwa muda, kisha akazitupa ringi kwenye debe la chuma chakavu. Mzee alikwaruza upya bila kuuliza maswali. Ringi zilichelewa siku moja.

Siku ya tisa, injini ikiwa bado vipandevipande mezani, lori dogo lilitumwa na shemeji kuchukua kitanda cha mama na kabati, kwa sababu, alisema kwenye simu, godoro la kule linamuumiza nyonga. Dereva hakuwa na vifaa. Fundi Kimya alikwenda na spana zake, akafungua boliti za kitanda alicholalia Mkunga miaka arobaini, moja moja, akazitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mguuni mwa kitanda zisipotee njiani. Mkewe aliteremsha mapazia.

Siku ya kumi na moja alimaliza. Alilipeleka gari mlimani peke yake, akalikanyaga mpaka likalia, akaachia, mara kumi, na mara ya mwisho alisimama kando ya barabara na kumwomba mpita njia akanyage mafuta huku yeye amechuchumaa nyuma ya bomba. Hakukuwa na kitu. Hewa ilikuwa safi kiasi kwamba mtu angeweza kuanika nguo pale.

Akapiga simu palepale.

"Mama, limepona."

"Moshi?"

"Hakuna hata uzi."

Kule upande wa pili kulikuwa na televisheni na watoto wanagombana. Mkunga aliwaambia wanyamaze kidogo. "Niisikie," akasema.

Fundi Kimya alifungua boneti, akainyoosha simu juu ya injini, akaishikilia hapo. Injini ilikuwa inakwenda sawasawa, laini, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Lori moja lilipita, akaikinga simu kwa mkono wa pili ili kelele zisiingie. Aliposhindwa kujua muda gani unatosha, aliirudisha sikioni.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba. Linapumua vizuri. Kitanda kimefika salama. Hakikupungua hata boliti."

"Nashukuru, mama."

"Wiki ijayo wanaingia wapangaji kule nyumbani kwangu. Watu wazuri, nimeambiwa. Walimu." Watoto walikuwa wameanza tena. "Haya, lizime sasa. Unaunguza petroli bure."

"Ndiyo, mama," alisema Fundi Kimya, akaingiza mkono kupitia dirishani, akalizima.